Pilipili za Ukuta wa Nyuma

Mama Pacha alikuwa fundi wa mapazia, na mtaani kwake hapakuwa na dirisha la maana ambalo hakuwahi kulipima. Cherehani yake ilikaa sebuleni, na vitambaa vilijaa hadi juu ya kabati la vyombo. Lakini ungemuuliza nini kinachomtoa kitandani asubuhi, asingekutajia mapazia. Angekushika mkono akupitishe jikoni mpaka uani, akakuonyeshe mipilipili yake.

Aliipanda kwenye ndoo nyeusi za rangi, zile kubwa ambazo wapaka rangi huziacha kazi ikiisha. Alizipanga zote chini ya ukuta wa nyuma, ukuta wa saruji unaopigwa na jua kuanzia mchana hadi linapozama. "Pilipili ni mtoto wa jua," alikuwa akisema. "Mweke mtoto kwa mama yake, utaona atakavyonenepa." Na kweli, kila mwaka zilimzalia hata akagawia majirani.

Mwaka ule mambo mawili yalimfikia kwa pamoja: joto, na wifi yake.

Wifi huyu alikuwa dada mkubwa wa mumewe. Maisha yake yote alipika kwenye kantini ya kiwanda cha sabuni, na huko walimwita Kijiko, kwa sababu mfuko wa aproni yake haukukosa kijiko cha kuonjea. Jina likamfuata hadi kwa ndugu. Mama Pacha alimheshimu, lakini heshima yenyewe ilikuwa na woga ndani yake. Mara ya mwisho Kijiko alipokuja kuwatembelea, alionja mchuzi mezani, akanyanyuka, akaenda jikoni na kurudi na chumvi. Hakuwa na nia mbaya. Lakini mwenye mchuzi hasahau.

Safari hii alikuja na begi moja kubwa na uso uliosinyaa. Alisema miguu inamvimba kwa kusimama, kazi ameiacha, anaomba apumzike kwa mdogo wake kidogo.

"Dada, hapa ni kwako," alisema Baba Pacha, ambaye alikuwa dereva wa gari la mikate. "Pacha wameshaondoka kila mtu na maisha yake. Chumba chao kinalala tupu."

Mama Pacha alitandika kitanda, na siku ile alionja mchuzi mara tano kabla ya kupakua. Kijiko alikula yote. Akafuta sahani, akasema, "Kitamu."

Kesho yake pia akasema kitamu, na keshokutwa yake. Mama Pacha alianza kutembea kifua mbele jikoni. Halafu siku moja mteja alimshika kwenye simu kwa mazungumzo marefu ya rangi za pazia, na maharage yakaungua mpaka sufuria ikatoa moshi. Alikwangua ya juu, akaweka mezani huku ameinamisha kichwa kama mtuhumiwa. Baba Pacha aliweka tonge mdomoni, akaitazama dari. Kijiko akamaliza sahani yake.

"Kitamu, wifi," alisema.

Mama Pacha hakujua acheke au akasirike. Aliona anasimangwa kwa adabu.

Joto nalo lilizidi. Lami ya barabarani ililainika ikawa inashika viatu. Vitasa vya milango vilichoma vidole. Ndani, feni ilikuwa ikihamisha moto kutoka kona hii kwenda ile, na watu wote watatu walishusha magodoro sakafuni kutafuta ubaridi wa simenti, wasiupate.

Uani, mipilipili ilikuwa imechanua. Maua meupe madogo yalijaa kila tawi, na Mama Pacha alishayaona mabeseni yatakavyofurika. Kisha asubuhi moja akayakuta chini. Yalikuwa yamelala kuzunguka ndoo kama punje za wali zilizomwagika, kila ua na kikonyo chake. Kesho yake yakaanguka mengine. Aliongeza maji. Majani yakalegea mchana. Akaongeza tena maji, yakalegea zaidi, na ya chini yakageuka njano.

Alikwenda kwa muuza mbegu, mama mmoja mnene mwenye duka dogo karibu na kituo, ambaye alikuwa amejizungushia kitambaa chenye maji shingoni.

"Pilipili zangu zinaogopa jua," Mama Pacha alisema, "na mimi tangu nizaliwe sijasikia pilipili inaogopa jua."

"Unalala wapi siku hizi?" aliuliza muuza mbegu.

"Nalala wapi? Swali gani hilo? Sakafuni."

"Unapata usingizi?"

"Usingizi wa wapi na joto hili!"

"Basi na zenyewe hazipati. Pilipili inapenda jua la mchana, lakini usiku inataka kupumua. Usiku ukiwa wa moto, inajiona haina nguvu ya kulea. Inatupa maua yote, ibaki hai yenyewe. Na wewe unaizamisha kwa maji, mizizi inachemka humo kama chai. Punguza maji, mwagilia alfajiri, halafu subiri hali ibadilike."

Mama Pacha alirudi nyumbani amenuna. Dawa angenunua, mbolea angenunua. Lakini kusubiri?

Hata hivyo mpilipili mmoja, ule uliokuwa karibu zaidi na mlango wa jikoni, ulikuwa umeshikilia matunda machache. Yalikuwa mafupi, yamejikunja kama vidole vya mtoto aliyefunga ngumi, lakini yalikuwa matunda. Mama Pacha aliyasalimia kila akipita. Ndipo yakaanza kupotea.

Kwanza alishuku ndege, kwa kuwa ndege hawajui kuwashwa. Lakini ndege angeacha vipande. Akamgeukia mumewe, mtu ambaye hata ndizi angeipaka pilipili kama angeachwa.

"Mimi?" Baba Pacha aliapa, mkono kifuani. "Joto lote hili nijiwashie moto mwingine tumboni? Nimerogwa?"

"Basi zina miguu?"

"Za kwako wewe hazishindwi."

Siku moja Mama Pacha alitoka kwenda kupima madirisha, akamkosa mwenye nyumba, akageuza. Aliingia kwa geti la nyuma ili akazione pilipili zake kwanza. Nyuma ya ndoo alimkuta Kijiko amechuchumaa. Mdomo ulikuwa wazi, machozi yanatiririka, pua inatoka maji, na mkononi ameshika kikonyo cha kijani.

Mama Pacha alikuwa amechoka, amelowa jasho, na hasira zilikuwa zimemkaa kooni kwa siku nyingi.

"Kumbe ndege mwenyewe anavaa gauni!" alifoka. "Wifi, ungesema ningekupa! Nimekupa chumba cha wanangu, nakupikia, unakula unaniambia kitamu huku moyoni unanicheka. Na hizi zilizobaki nazo umeona nisiachiwe?"

Kijiko alitaka kusema, akashindwa, akakohoa. Alikwenda bombani, akasukutua, akafunga bomba.

"Sikukucheka," alisema hatimaye. "Wifi, sisikii ladha."

"Ladha ya nini?"

"Ya kitu chochote. Niliugua homa, wewe unajua, niliwapigia simu mkaniombea. Homa ikaondoka na mdomo wangu. Nilipoamka nikanywa chai, nikaona nakunywa maji ya moto. Kitunguu kinakaangwa mbele yangu, naona kinabadilika rangi, lakini harufu hakuna. Chumvi, sukari, ndimu, vyote sawa na kutafuna karatasi."

"Na miguu?"

"Miguu yangu mizima. Nilipika kwa mazoea, mkono unajua njia. Mpaka siku nilipotia chumvi sufuria moja mara mbili, sahani zikarudishwa kwenye dirisha la kupakulia zimejaa. Msimamizi hakunigombeza hata kidogo. Aliniuliza kwa upole kama nimechoka. Huo upole ndio ulioniua. Nikasema miguu. Ningemwambia nini? Mpishi asiyeonja ni fundi wa mapazia asiyeona dirisha."

Mama Pacha alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya ndoo tupu iliyopinduliwa.

"Nilikwenda hospitali," Kijiko aliendelea. "Daktari alisema huenda ikarudi, huenda isirudi. Basi siku moja hapa nikachuma moja nikatafuna, nijaribu tu. Ikaniwasha. Wifi, niliisikia! Sijui kama hiyo ni ladha au ni maumivu. Lakini kwa dakika chache mdomo ulikuwa wangu tena. Nikawa siwezi kujizuia."

Mama Pacha alikuwa na maneno mengi ya kuomba radhi, lakini lililotoka lilikuwa jingine.

"Yale maharage..."

"Yalikuwaje?"

"Yaliungua."

"Yaliungua sana?"

"Wifi, yalikuwa makaa. Mdogo wako alimeza kwa kumtaja Mungu."

Kijiko alimtazama kwa mshangao, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka akiwa bado na machozi ya pilipili, na Mama Pacha akacheka pia, mpaka wakashikana mikono wasije wakaanguka. Waswahili husema pilipili usiyoila yakuwashiani. Mama Pacha hakuila ile, na ilimwasha moyoni siku nzima.

Jioni ile Kijiko alimweleza mdogo wake ukweli. Baba Pacha alimkumbatia dada yake, kisha akatoka kwenda kuangalia tairi la gari ambalo halikuwa na tatizo.

Kuanzia hapo ile mipilipili haikuwa tena ya mtu mmoja. Mama Pacha aliamka alfajiri kumwagilia, kidogo kidogo, na Kijiko alikaa nayo mchana. Jioni moja, jua likiwa limeshazama, Kijiko aliegemea ukuta wa nyuma, akaruka.

"Wifi, njoo ushike hapa."

Mama Pacha aliweka kiganja. Saruji ilikuwa ya moto kama tumbo la mgonjwa.

"Huu si ukuta," alisema Kijiko. "Hii ni oveni iliyozimwa sasa hivi. Jua linaondoka, huu unaendelea kuoka mpaka asubuhi. Ndiyo maana hazilali."

Mama Pacha aliziangalia ndoo zake alizozipanga kwa majivuno mwaka hadi mwaka. Miaka ya nyuma usiku ulikuwa na ubaridi wa kuupoza ukuta. Mwaka huu haukuwa nao.

Walimngoja Baba Pacha atoke kazini, wakamwonyesha ndoo, wakamwonyesha upande wa pili wa uani, karibu na tangi la maji, mbali na saruji ile. Alizibeba moja baada ya nyingine akiguna, huku akiwauliza kama kweli walimfikiria walipokuwa wakipanga mipango yao. Ndoo nyeusi wakazivisha magunia mabichi. Kilichobaki kilikuwa kivuli cha saa za mchana, chepesi, kisichofunga mwanga.

"Wavu mzuri ungefaa," alisema Kijiko.

Mama Pacha aliingia ndani, akatoka na pazia la chumbani kwake, la kitambaa chepesi cheupe chenye maua ya kufumwa, alilolishona kwa mkono wake na ambalo hakuwahi kukubali kuliuza. Wakalitundika kwenye miti minne juu ya ndoo.

Asubuhi iliyofuata Baba Pacha aliamshwa na jua usoni. "Sasa pilipili ziko kivulini," alisema akiwa amejifunika mto, "na mimi ndiye ninayeiva."

Jirani, fundi viatu, alichungulia juu ya uzio. "Mama Pacha, naona mmepamba. Kuna harusi?"

"Ya pilipili."

"Bwana harusi nani?"

"Mvua. Lakini anatuchelewesha."

Ingekuwa vizuri kusema kwamba maua yaliacha kuanguka hapo hapo. Hayakuacha. Yalipungua, kisha ukaja upepo mkavu wa moto uliovuma tangu asubuhi hadi jioni, ukapasua pazia kutoka pindo hadi katikati. Mipilipili miwili ikakauka imesimama. Kwenye ule mmoja wenye matunda, jua lilipenya pale palipopasuka, na pilipili zikatoka mabaka meupe, makavu kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Ilibaki moja tu nzima.

Kijiko aliliangalia pazia lililochanika. "Basi, wifi. Tuache. Umeharibu kitu chako kizuri kwa ajili yangu."

"Kwani nimelia?"

"Hujalia, lakini..."

"Pazia nitashona jingine. Mimi ni fundi au sivyo?" Mama Pacha aliichuma ile pilipili iliyobaki. "Shika."

"Sili peke yangu tena."

Wakaingia jikoni, Kijiko akaigawa katikati kwa kisu. Mama Pacha, aliyezoea pilipili zake miaka yote, aliitia mdomoni bila wasiwasi. Lakini pilipili iliyoteseka na kiu na jua haina mzaha. Ilimpanda puani, ikamshuka kooni, ikamziba masikio. Alipiga meza. Alizunguka jikoni akipepea ulimi kwa mfuniko wa sufuria, akinywa maji, akitafuta maziwa, huku wifi yake, mwenye macho mekundu na uso uliolowa, anamwelekeza kwa kidole, maana hakuna kati yao aliyeweza kusema.

Moto ulipopungua, walikaa sakafuni wakiegemea kabati.

"Hivi ndivyo ulivyokuwa unajifanyia kila siku?" aliuliza Mama Pacha kwa sauti iliyokauka.

"Kila siku."

"Pole, dada yangu."

Hakuwahi kumwita hivyo kabla. Kijiko alilisikia lile neno, akaitikia kwa kichwa.

Wakati wa kungoja mvua, walianza kupika pamoja. Kijiko alikata, alikaanga, alipima moto kwa macho na kwa sauti ya mafuta. Mama Pacha alikuwa ulimi wake. Mwanzoni alikuwa ulimi mbovu kupita kiasi.

"Chumvi?"

"Iko sawa."

"Sawa ya kwako au sawa ya watu?"

"Wifi!"

"Nauliza tu. Funga macho. Inakufikia mbele ya ulimi au inakaa nyuma? Unatamani kijiko kingine, au unatamani maji?"

Polepole Mama Pacha akajifunza kwamba miaka yote alikuwa akipika kama mtu anayeshona bila kupima. Baba Pacha aliongezeka kiuno, hata kiti cha gari la mikate kikasogezwa nyuma.

Kisha hali ya hewa ikabadilika. Haikuja kwa kishindo. Alasiri moja upepo uligeuka, ukaleta mawingu mepesi, na usiku mvua ndogo ikanyesha juu ya bati kama mtu anayechambua mchele. Baba Pacha alirudisha godoro kitandani. Kesho yake Mama Pacha alitafuta shuka ya kujifunika, akajikuta anatabasamu.

Maua mapya yakatoka, na yakashika. Vikonyo vilijikunja, vikatoa pilipili za kijani nyembamba, zikarefuka, zikanenepa, zikaanza kugeuka rangi ya chungwa na mwishowe nyekundu. Zilichelewa, wakati watu wengine walishasahau habari za bustani. Siku ya kuchuma walijaza beseni kubwa na la pili likafika nusu. Halikuwa vuno kubwa kuliko yote ya nyumba ile, na mipilipili iliyokufa ilikuwa imekufa. Lakini fundi viatu alipewa zake, muuza mbegu akapelekewa zake, akazinusa na kusema, "Si nilikwambia usubiri?"

Pilipili zilizobaki Kijiko alizisaga na ndimu na chumvi, Mama Pacha akionja kwa ncha ya kijiko na kunywa maji kila mara. Jumapili iliyofuata Kijiko aliwapigia wenzake wa kantini, akawaalika wale chakula cha mchana. Walikuja wanne, wamevaa vizuri, wamebeba matunda, na wa kwanza kuuliza alikuwa mwanamke mrefu aliyeachiwa jiko.

"Miguu inaendeleaje, dada?"

Kijiko aliweka sahani mezani. Mama Pacha, aliyekuwa mlangoni na jagi la maji, alisogea akasimama karibu yake.

"Miguu haikuwahi kuuma," alisema Kijiko. "Niliwadanganya." Akawaeleza yote akiwa amesimama, tangu homa mpaka sufuria ya chumvi.

Hakuna aliyegusa chakula. Yule mrefu aliinama, akavuta pumzi.

"Na mimi niliyekuwa nakulaani," alisema. "Nilidhani umetukimbia. Dada, ulimi ninao, lakini mkono sina. Wali wangu unatoka uji. Mchuzi unakatika. Wafanyakazi wanakuja na vyakula vyao kutoka nyumbani, msimamizi anazunguka dirishani kama kuku anayetaka kutaga. Sisi tunaonja, wewe utuambie la kufanya. Kwani kuna ubaya gani?"

"Msimamizi atakubali?"

"Msimamizi? Yule ukimpa wali usioshikana, atakubali hata upike umelala."

Walicheka, wakaanza kula. Pilipili ilizunguka meza. Muda si muda pua zote zilikuwa zinatoka maji, vitambaa vikatolewa, mwingine akaomba dirisha lifunguliwe. Kijiko alikula katikati yao, anawashwa kama wao, anafuta macho kama wao, na kwa mlo ule mmoja hapakuwa na tofauti kati ya mdomo wake na wa mtu mwingine yeyote pale mezani.

Ladha haikurudi, si mwaka ule. Lakini Kijiko alirudi kazini. Asubuhi ya siku ya kwanza yule mrefu alimpitia. Mama Pacha aliwasindikiza hadi getini, akasimama akiwatazama wanavyokwenda, tayari wanabishana kwa mikono na sauti kuhusu kitunguu kikatwe kipana au chembamba, mpaka walipokata kona.